Ndiyo, ni mimi niliyemkamata mgeni rasmi kiunoni kwenye mdomo wa shimo kule Kondoa

Wakuu, za humu ndani.

Naomba mnisome taratibu. Nitaandika kama ilivyokuwa, sitaongeza chumvi, na mahali ambapo sijui nitasema sijui.

Kuna uzi ulifunguliwa humu majuzi ukiwa na picha. Mwanamke amevaa kofia ngumu ya njano, amemkamata mzee wa watu kiunoni kwa mikono miwili, mzee ametazama mbinguni, shati limechomoka kwenye suruali. Aliyefungua uzi aliuliza huyu dada anajiona nani.

Nimesoma comments zote. Wapo walioshauri nipelekwe polisi. Yupo aliyesema ningekuwa binti yake angenichapa. Mmoja akaandika kwamba wanawake wa Kondoa ndivyo tulivyo, jeuri tangu tumboni. Huyo nilimpa like.

Sasa huyo dada ni mimi. Na kama umeingia humu kusubiri niombe radhi, utasoma mpaka mwisho hutaiona.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni Mrangi, naishi Dodoma mjini, kazi yangu ni kuosha vioo vya maghorofa kwa nje. Serikali ilipohamia huku majengo yakaota kila upande, na huu mji mnaujua kwa vumbi. Vumbi lenu ndilo ugali wangu. Nimening'inia kwenye kamba miaka mingi, na ofisi nyingi za mji huu nimeziona kupitia dirishani. Najua nani anafanya kazi na nani anacheza karata kwenye kompyuta. Hayo tuyaache.

Wikiendi napeleka vikundi kwenye shimo moja huko kwetu milimani. Kijiji sikitaji, maana nikikitaja tu atatokea mtu na kamba ya kufungia ng'ombe aseme na yeye ni guide.

Ni mpasuko kati ya mawe makubwa. Unashuka wima kama jengo la ghorofa tatu hivi, halafu kule chini unafunguka chumba kikubwa chenye ubaridi, popo, na mwanga unaoingia kutoka juu. Mtu mzima akifika kule chini huanza kucheka mwenyewe bila kuambiwa kitu. Nimewaona walimu, wachungaji, hata mama mmoja wa sokoni. Wote wanacheka.

Nafanya kazi na Hamisi, tunaosha naye vioo. Yeye hutangulia chini na kushika mkia wa kamba. Anayeshuka anajipunguzia kamba kwa mkono wake mwenyewe; akiuachia kwa woga, Hamisi anauvuta ule mkia, kamba inabana, mtu anasimama hapo hapo hewani. Bila mtu wa chini mimi sishushi hata paka.

Na kuna kitu kingine kidogo ambacho ndicho chanzo cha uzi huu. Gunia.

Lile gunia la kawaida la katani. Nalikunja mara nne, nalitandika kwenye mdomo wa shimo pale ambapo kamba inapinda kuelekea chini, nalifunga na kakamba kake lisihame. Mawe ya kwetu yana chembe kali kama msasa. Watu wengi wanadhani kamba inakatika kwa uzito. Kamba nzuri inaweza kubeba ng'ombe mzima. Kinachoiua ni kusuguliwa na jiwe huku imebeba mtu anayeyumba.

Gunia langu ni chafu, naomba lieleweke hivyo. Lina matope ya misimu yote, lina doa la mafuta ya taa, na upande mmoja mbuzi aliwahi kulitafuna. Silifui kwa sababu halijaniomba.

Haya, twende kwenye siku yenyewe.

Ilikuja ofisi moja ya mjini, siitaji, kwa ajili ya team building. Walikuwa na mratibu wao, kijana nadhifu sana, viatu vinang'aa mpaka unaona aibu kumpitisha kwenye miiba. Nitamwita Mratibu, na namwomba asijifiche maana najua ni mwanachama humu.

Nilitegemea watu na maji ya kunywa. Ikashuka Coaster ina spika, jenereta, bango, maua ya plastiki, na utepe wa bluu.

Na mgeni rasmi.

Nyinyi mnaijua nchi yetu. Tukimaliza choo cha shule tunatafuta mgeni rasmi aje akizindue. Mimi sina shida na hilo, nimekula pilau nyingi kwa sababu ya wageni rasmi. Ila sikuwahi kuwaza kwamba iko siku mtu atataka kuzindua shimo ambalo babu wa babu yangu alilikuta.

Mgeni rasmi mwenyewe alikuwa mkuu wao wa kazi, mzee mtaratibu, wa umri wa kustaafu, anaongea kwa sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza habari za nyumbani na akasubiri jibu. Mtu wa watu kabisa.

Ubishi ulianza Hamisi alipotaka kushuka.

Mratibu akasema haiwezekani mtu atangulie kabla ya mgeni rasmi, ratiba inasema mgeni rasmi ndiye wa kwanza kuingia. Nikamweleza kazi ya Hamisi. Akasema nimeelewa dada, lakini itaonekanaje kwenye video mzee anazindua halafu chini kuna mtu tayari.

Nikamwambia basi chagua, Hamisi chini au spika irudi kwenye gari.

Tukakubaliana Hamisi ashuke lakini asihesabiwe. Nawaambia kweli, ndivyo ilivyopita. Hamisi akashuka bila kuhesabiwa, na kwa mujibu wa ofisi ile mpaka leo hakuwahi kuwemo shimoni.

Nikamvalisha mzee mkanda wa kiunoni na mapajani, ule unaoitwa harness. Nikamfunga kwenye kamba, nikakagua kila kitu mara mbili. Mikono yake ilikuwa ya baridi na jua lile lilikuwa kali. Akaniuliza kama mtu wa uzito wake amewahi kushuka pale. Nikamwambia wengi. Baada ya muda akaniuliza tena swali lile lile.

Nililiona hilo. Nikajisemea ni hofu ya kawaida, akishuka kidogo itaisha.

Mratibu akaomba muda wa picha. Nikasema sawa, mzee alikuwa amefungwa kwenye kamba fupi ya usalama na alisimama mbali na ukingo, hapakuwa na hatari. Nikaenda nyuma ya jiwe kumrekebishia kofia dada wa masijala ambaye alisuka rasta kubwa, kofia ikawa inakaa juu kama kifuniko cha sufuria.

Nikasikia makofi. Kisha MC kwenye spika anaanza kuhesabu.

Nikarudi haraka. Utepe umekatwa. Kijana mmoja wa ofisini, aliyetuambia asubuhi kwamba ameangalia video nyingi, alikuwa amemfungulia mzee ile kamba fupi. Mzee yuko kwenye ukingo, ameupa mgongo uwazi kama nilivyomfundisha, amekalia mkanda, uzito wote uko kwenye kamba. Mguu mmoja umeshashuka. Watu wameinua simu.

Mimi nina tabia moja ya kazini, kabla ya kutazama mtu natazama kamba. Nikatazama.

Gunia halipo.

Mahali pake yapo maua ya plastiki, mekundu na ya njano, yamepangwa vizuri kabisa. Kamba imelala juu ya jiwe tupu, na mzee anapoyumba inakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia.

Sikupiga kelele, maana mtu akishtuliwa pale anaachia mkono. Nilijifunga kwenye kamba yangu, nikapiga hatua, nikamkamata mkanda kiunoni, nikamvuta kwa nguvu zangu zote.

Mzee akaniangukia kifuani, tukaanguka wote juu ya maua. Picha yenu ilipigwa sekunde moja kabla, bado tumesimama.

Spika ikanyamaza. Kutoka chini nikasikia sauti ya Hamisi, ametulia kabisa, anauliza, "Huko juu kuna harusi? Mbona natupiwa maua?"

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nimekuja kucheka baadaye sana.

Nikauliza gunia liko wapi. Nikauliza tena. Mratibu akaja, uso umemvimba kwa hasira, akaniambia, "Dada, umemdhalilisha mzee. Unamshikaje mtu mzima kiunoni mbele ya watumishi wake?"

Nikamwambia nimeuliza gunia.

Akasema, "Nimelitoa mimi. Lilikuwa linaharibu picha."

Wakuu, nimewahi kukasirika maishani. Nimewahi kuachwa juu ya ukuta na mlinzi aliyekwenda kula. Lakini hasira ya siku ile ilizipita zote. Huyu hakuwa mtu mbaya aliyetaka kuua. Alikuwa anampenda mgeni wake, anataka atoke vizuri kwenye picha. Kwa mapenzi hayo hayo akaondoa kitu pekee kilichokuwa kati ya kamba na jiwe.

Nikaipitisha kamba kwenye vidole mbele yake. Ganda la nje lilishaanza kuchanika, nyuzi nyeupe zimesimama kama manyoya. Nikamwambia shika. Hakushika.

Je, ingekatika? Nilisema mwanzoni nisichokijua nitasema sijui. Sijui. Labda mzee angefika chini akiwa anacheka kama wengine. Sikutaka kulijua jibu la swali hilo kwa kumtumia baba wa watu, na siku ikijirudia kesho nitamvuta tena.

Gunia tulilikuta limekunjwa nyuma ya bango. Nikalirudisha. Kamba ile nikaiondoa, nikafunga ya akiba.

Sasa hapa nakuja kwenye sehemu ambayo aliyefungua ule uzi hakuiandika, kwa sababu hakuijua. Hakuna aliyeijua zaidi ya watu wawili.

Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe pembeni. Nikachuchumaa mbele yake kama namrekebishia mkanda, mgongo wangu ukawakinga watu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, kila kitu kiko sawa sasa. Ukitaka kushuka nitakushusha salama. Lakini niambie ukweli, unataka?"

Akawatazama wale watu na simu zao. Akasema, "Mwanangu, jana sijalala. Mimi urefu unanishinda tangu utoto. Sasa nitawaambiaje watu wote hawa?"

Nilikaa pale nimeshika ule mkanda, nikaona jinsi tulivyo. Watu wazima karibu Coaster nzima, wasomi, wamempigia mzee makofi mpaka ukingoni, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali hilo. Hata mimi sikumuuliza, na mikono yake niliishika ikiwa ya baridi.

Nikamwambia, "Usiwaambie kitu. Niachie mimi."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, "Mzee hashuki. Nimekataa mimi. Hapa shimoni mimi ndiye mwenye uamuzi."

Mnaweza kujaza wenyewe kilichofuata. Wengine walizomea. Mama mmoja aliniambia sina adabu na kwamba wazazi wangu walifanya kazi bure. Mratibu alichukua kipaza sauti na kumwomba radhi mgeni rasmi kwa usumbufu uliosababishwa na mtoa huduma. Mtoa huduma ni mimi.

Mzee alikaa kwenye jiwe lake, ameinamisha kichwa.

Walioshuka siku ile walikuwa wawili tu, dada wa masijala na rasta zake, na dereva wa Coaster. Dereva alipofika chini alicheka mpaka sisi wa juu tukasikia. Wengine walikula wakaondoka. Mratibu aliniaga kwa kuniambia tutaona kama nitapata kazi tena Dodoma.

Na kwa kweli hakukosea sana.

Picha ilianza kutembea kwenye magroup ya WhatsApp kabla hawajafika mjini. Vikundi vilivyokuwa vimepanga kuja vikaahirisha, vyote kwa maneno yale yale, kwamba wameona tukio. Jengo moja nililokuwa naosha vioo tangu linajengwa wakaniambia wamepata mtu mwingine, mwenye staha. Nikawauliza kioo kinahitaji staha ya aina gani. Nikakatiwa simu.

Hamisi ana familia. Mimi nina mama na wadogo zangu. Msidhani naandika haya nikiwa nimeshiba.

Ningeweza kulimaliza siku ya kwanza kabisa. Ningeandika mstari mmoja tu kwenye lile group la WhatsApp la safari, ambalo Mratibu alituunganisha sote, kwamba mzee mwenyewe aliogopa akaniomba, na matusi yote yangehama kwangu yakaenda kwake. Vidole viliniwasha, sitaficha. Hasa usiku mama alipoisikia habari msibani kwa jirani na kurudi nyumbani akaniuliza kama ni kweli nilimpiga mzee.

Sikuandika. Nilimwambia niachie mimi, na neno lilishatoka.

Ila nilikasirika naye pia. Yeye yumo kwenye lile group. Anasoma. Anaona jina langu linavyosagwa, na yuko kimya.

Mwishowe nikamtumia meseji. Nikamwambia, shikamoo mzee, mimi ni yule binti wa shimoni, wananimaliza, nataka nieleze yote pamoja na tuliyoongea, jina lako halitatajwa, lakini ofisini kwako watajua ni wewe. Ukikataa nitaeleza la gunia tu, lako nitakaa nalo.

Akakaa kimya siku kadhaa. Nikajua ndiyo basi.

Jana mchana, niko juu ya ukuta wa jengo moja dogo lililobaki, simu ikalia mlio wa meseji. Niliisomea pale pale hewani. Naiweka kama ilivyo:

"Marahaba mwanangu. Andika. Na uandike kwamba niliogopa, hilo usilipunguze. Leo nimewaambia mwenyewe kwenye kikao."

Nilijifuta uso kwa kile kitambaa cha vioo. Mfanyakazi wa ndani akadhani nimeingiwa na sabuni machoni, akaniletea maji dirishani. Nikayanywa.

Sijui kama kazi zitarudi. Yeye kusema hakunirudishii jengo. Ila nimeandika, na ndivyo ilivyokuwa.

Nilichojifunza ni hiki, na sasa ndiyo utaratibu kwangu. Kabla mtu hajashuka, namchukua pembeni, mbali na wenzake na simu zao, namuuliza kama anataka. Akisema hataki, natangaza mimi kwamba nimemkataza. Sababu nabuni, mkanda haumtoshi, kofia imepasuka, sijapenda viatu vyake. Mtaniita jeuri mpaka mchoke, mabega ninayo.

Na ile picha msiifute. Ifungueni tena sasa hivi. Achaneni na kiuno cha mzee, tazameni miguuni kwetu. Mtaona maua. Mtaona kamba iko juu ya jiwe tupu. Halafu mtazame nyuma ya bango, kwenye kona, kuna kitu cha kahawia kimekunjwa. Ndilo hilo gunia. Aliyepiga picha ili aniaibishe alilipiga na lenyewe bila kujua. Nimeichapa kubwa, nimeibandika kwenye mlango wa gari tunalobebea kamba, na kila kikundi kitakachokuja nitaanza nacho hapo.

Karibuni mchangie. Maswali nitajibu, matusi nayo nitasoma, nimeshayazoea. Na wewe uliyewahi kusukumwa na makofi mpaka mahali ambapo roho yako ilikuwa imekataa, hebu tuambie hapa ulitokaje.

Mratibu, najua unasoma. Njoo siku yoyote, peke yako, bila spika. Gunia utalitandika wewe mwenyewe. Na ukikosea kulitandika, nitakushika hapo hapo kiunoni, mbele ya watu.